Kufuli Kumi na Moja

Hospitalini pale walimwita Fundi Kufuli, na jina lenyewe alilipenda. Watu wa chumba cha kompyuta walimbandika siku walipofungua programu yake wakahesabu ndani kufuli kumi na moja, kila moja na masharti yake: hii usiifunge kabla ya ile, ile usiifungue mpaka hii nyingine iachiwe, na ukikosea mpangilio mfumo mzima unaganda na kukukodolea macho. Mpangilio huo aliujua yeye peke yake. Alikuwa ameuandika kwenye karatasi, karatasi akaiweka kwenye droo, na droo nayo akaitia ufunguo.

Nieleze kidogo, maana bila hivyo aibu yake haitaeleweka. Maabara ilipomaliza kupima damu ya mgonjwa, jibu liliingizwa kwenye ghala kuu la kumbukumbu, nalo wauguzi walilisoma kwenye skrini za wodini. Zamani kila skrini ilikwenda ghalani yenyewe, na ghala lilikuwa zito kama mtu aliyeamshwa. Muuguzi alibonyeza, akaenda kutandika kitanda, akarudi na kukuta bado kiduara kinazunguka. Fundi ndiye aliyeondoa adha hiyo. Alitengeneza rafu ndogo ndani ya mashine, nakala za majibu ya karibuni zikawa zinakaa hapo, na skrini ikawa inajibu kabla kidole hakijanyanyuka. Ilikuwa kazi nzuri, hatumnyimi sifa yake.

Shida ni kwamba rafu moja ilihudumiwa na nyuzi nyingi. Uzi, kwa watu wa kazi hiyo, ni kama mfanyakazi asiyeonekana ndani ya programu. Huyu anapanga jibu jipya, yule anachukua la wodi ya watoto, mwingine anaondoa yaliyopitwa na wakati, na wote wanafanya hivyo kwa mpigo mmoja. Wakiachiwa wagombanie, wanaharibu. Kwa hiyo Fundi aliweka kufuli, ili anayegusa rafu awafungie wenzake nje mpaka amalize. Palipotokea mgongano mwingine akaongeza kufuli nyingine. Kufuli zilipoanza kugongana zenyewe kwa zenyewe, akaweka kufuli ya kuzilinda kufuli, na siku hiyo alitembea kifua mbele hadi nyumbani.

Aliyemsifu kuliko wote alikuwa mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, miaka thelathini na mmoja kazini, amebakiza miezi minane astaafu. Kila aliyesimama mbele ya skrini yake aliambiwa, atake asitake, kwamba mfumo ule umetengenezwa na mume wa binti yake. Daktari mgeni akilalamika kuwa kitu fulani hakifanyi kazi, mama alimwambia abonyeze vizuri. "Kompyuta ya mkwe wangu haikosei," alikuwa akisema, na Fundi akiwa anapita koridoni alijifanya hajasikia, huku akipunguza mwendo.

Mwanzoni mwa mwaka chumba cha kompyuta kilimpata mfanyakazi mpya, mwanamke wa umri wa Fundi, mtu wa maneno machache aliyehamia kutoka hospitali nyingine. Katika kikao chake cha tatu alinyoosha mkono na kuuliza kwa nini kufuli zote zisiondolewe. Awekwe mfanyakazi mmoja tu ndani ya programu, uzi mmoja, na huo peke yake ndio uruhusiwe kugusa rafu na kwenda ghalani. Wengine wote wakitaka kitu, au wakileta kitu, waache ombi kwenye foleni. Yule mmoja achukue ombi la kwanza, alimalize, ndipo achukue la pili. Ikiwa mkono unaogusa ni mmoja, aliuliza, kufuli ni ya kumzuia nani?

Fundi alicheka. Alicheka kwa sauti, akageukia wenzake ili nao wacheke.

"Unataka hospitali nzima ipange foleni kama choo cha stendi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yule mwanamke alijaribu kusema kwamba amepima, kwamba hata saa zile wodi zimepamba moto maombi si mengi kiasi hicho, lakini Fundi alishasema waendelee na mambo ya maana. Toka siku hiyo wakamwita Bibi Foleni. Yeye jina lake hakulipenda, ila hakuna aliyemuuliza.

Mwezi mmoja baadaye likatokea la kutokea. Mgonjwa mmoja wodini kwa mama mkwe alikuwa amepungukiwa potasiamu mwilini, madini ambayo yakipungua moyo unayumba, na yakizidi moyo unayumba vilevile. Asubuhi kipimo kilisoma mbili nukta saba, kiwango cha chini sana. Daktari akaagiza awekewe chupa ya kwanza ya madini hayo, damu ipimwe tena, na kama bado iko chini ya tatu awekewe ya pili. Saa nane na nusu mchana mama mkwe alisimama mbele ya skrini, akasoma, akaandika kwenye karatasi ya mgonjwa "2.7", akatundika chupa ya pili. Kumbe jibu jipya lilikuwa tano nukta mbili. Mgonjwa hakuhitaji tena hata tone. Kabla ya saa kumi moyo wake ulianza kwenda mbio na kusitasita, akakimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alinusurika, na baada ya wiki akarudi kwao kwa miguu yake, lakini ilikuwa bahati.

Uongozi ukaunda kamati. Fundi akaombwa aandike ripoti: je, mfumo ulikuwa na jibu sahihi saa ile? Alikwenda kuangalia ghalani. Tano nukta mbili ilikuwa imeingia saa nane na dakika kumi, dakika ishirini nzima kabla ya chupa. Hakuangalia zaidi ya hapo, na kwa nini aangalie? Aliandika kwamba jibu sahihi lilikuwepo, kwamba mfumo haukuwa na hitilafu yoyote, akatia sahihi yake yenye mkia mrefu. Kamati ikajisomea yenyewe yaliyobaki: muuguzi hakutazama skrini, alinakili tu namba ya asubuhi iliyokuwa mstari wa juu wa karatasi ya mgonjwa. Huo ni uzembe, na mtu hufukuzwa kwa uzembe hata akiwa amebakiza miezi minane.

Alimwonea mama mkwe huruma, tena huruma ya kweli. Lakini chini ya huruma hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichokaa kwa raha zake, furaha ndogo kwamba kazi yake imetoka safi. Jioni ile mke wake alilia mezani. Fundi akamshika bega, akamwambia asimlaumu mama, mama ni mtu mzima sasa, huenda ni macho. Ndivyo alivyosema. Ni macho. Kesho yake mke akalipeleka neno hilo kwa mama yake, kwa upendo kabisa, kama mtu anayepeleka dawa.

Sasa tuje kwenye Jumatatu. Bibi Foleni alimwita kwenye meza yake bila kunyanyua sauti. Alikuwa ametengeneza jaribio dogo. Wodi inaomba jibu la mgonjwa, na rafuni halipo, limeshaondolewa kwa kupitwa na wakati. Uzi mmoja unakwenda ghalani, unachukua jibu la asubuhi, unaanza kurudi. Njiani unacheleweshwa kidogo, kama mashine inavyoweza kufanya ikizidiwa. Wakati huohuo maabara inaleta jibu jipya, uzi mwingine unaliingiza ghalani na kuliweka rafuni. Kisha ule wa kwanza unazinduka, unafika, unaiomba kufuli kwa adabu zote, unapewa, unafungua, na kuliweka la asubuhi juu ya jipya. Kufuli zote kumi na moja zilifanya kazi yake sawasawa. Zililinda rafu, lakini safari ya kutoka ghalani hazikuilinda. Ghala likabaki na tano nukta mbili, skrini ikabaki na mbili nukta saba, na pembeni ya namba skrini iliandika "leo" tu, kwa sababu Fundi aliona saa na dakika zinachafua ukurasa.

Bibi Foleni alilirudia jaribio mara elfu moja mbele yake. Mara saba jibu la zamani lilikaa juu. Kisha akamwonyesha kumbukumbu za siku ile, yaani orodha ya safari za nyuzi, ambazo Fundi hakuwa amejisumbua kuzifungua. Saa nane na dakika kumi wodi ya wanawake iliomba jibu. Uzi ulitoka. Ulichelewa. Ulirudi baada ya jipya.

Fundi alihisi masikio yake yanawaka moto. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili:

"Umemwambia nani?"

Hakuuliza habari za mgonjwa, wala za mama. Yule mwanamke akajibu kwamba hajamwambia mtu, alitaka yeye awe wa kwanza. Fundi akasema basi wasubiri, kwanza ahakikishe mwenyewe. Bibi Foleni akafunga daftari lake na kumkumbusha kwamba kamati inakaa Alhamisi ya wiki inayofuata.

Hapakuwa na cha kuhakikisha. Hata hivyo alihakikisha Jumatatu ile, akahakikisha Jumanne, akikaa mbele ya mistari ya programu yake mwenyewe kama mtu anayesoma barua aliyoiandika akiwa na hasira. Alitafuta pa kuchomeka kufuli ya kumi na mbili. Kila alipoichomeka, mfumo uliganda. Nyumbani alikula kimya, na mke wake, masikini, akadhani anamhuzunikia mama.

Jumatano mke alimwomba ampeleke mama kupima macho, kwa kuwa yeye ana gari na siku hiyo alikuwa na nafasi. Angeweza kukataa. Angeweza kusimamisha gari kando ya barabara na kusema. Alimpeleka. Kliniki ilikuwa chumba chembamba chenye kioo ukutani na ubao wa herufi. Mama akafunika jicho la kushoto, akasoma mpaka mstari wa pili kutoka chini, akafunika la kulia, akasoma uleule. Mpimaji akamwambia kwa umri wake macho hayo ni ya kujivunia, miwani si lazima, labda ya kusomea, ile ya nguvu ndogo kabisa, kama anataka. Mama akasema anataka. Akajaribu fremu mbili, nyeusi na ya kahawia, akamgeukia mkwe wake amchagulie.

"Ya kahawia, mama," akasema Fundi. "Inakukaa vizuri."

Wakati wa kurudi mama alikaa na kiboksi cha miwani mapajani, mikono juu yake. Halafu akasema, akitazama mbele, kwamba siku ile aliiona mbili nukta saba.

"Niliiona kama ninavyokuona wewe, baba. Hata nikajiambia, mbona haijapanda hata kidogo. Lakini kama kompyuta inasema ilikuwa tano, basi ni mimi. Wewe huwezi kukosea kitu kikubwa hivyo."

Fundi akawasha taa ya kukata kona, na kona haikuwepo. Gari la nyuma likapiga honi. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa mafupi, yanayotamkika, na hakuyatamka. Alimfikisha mlangoni, akamfungulia mlango wa gari, mama akamshukuru.

Ijumaa alikwenda wodi ya wanawake. Alijidanganya kwamba anakwenda kuikagua skrini. Mama hakuwepo, alikuwa amehamishiwa chumba cha nyuma kukunja bandeji mpaka kamati iamue. Kwenye kabati la dawa alisimama muuguzi mwingine, mnene, mcheshi, mwenye ufunguo shingoni kwenye kamba ya bluu. Fundi aliijua kamba ile. Miaka yote aliyomjua mama mkwe, kamba ile ilikuwa shingoni mwake akiwa zamu.

Alisimama pembeni akangoja. Daktari alikuja, akaandika kikaratasi, akakiacha kwenye kisahani juu ya meza, chini ya vingine. Akaja muuguzi wa vitanda vya mwisho, naye akaandika, akakiweka chini. Wa tatu aliweka chake juu kwa haraka, akapewa jicho, akakitoa na kukiweka chini. Mwenye ufunguo akachukua cha juu kabisa, akafungua kabati, akatoa dawa, akaandika kwenye kitabu, akafunga, akachukua kinachofuata. Hakuna aliyesukumana na mwenzake. Dakika tano zikaisha, na kisahani kikawa kitupu.

Fundi akauliza ni nani aliyeanzisha utaratibu huo, na muuguzi akacheka akamwambia aulize nyumbani kwake. Zamani, akaeleza, kila mtu alikuwa na ufunguo wake. Funguo sita, kabati moja. Kila mwisho wa zamu dawa hazilingani na kitabu, na kila mtu anaapa kwamba yeye alifunga. Mama alipopewa wodi alikusanya funguo zote, akabakiza mmoja, akauvaa. Madaktari walinuna wiki mbili, wakazoea.

"Na sasa wamemnyang'anya," akasema Fundi.

"Nani amnyang'anye yule?" Muuguzi hakucheka tena. "Amenipa mwenyewe. Juzi alipotoka kwa macho. Alisema mtu asiyeamini macho yake hafai kushika dawa za watu."

Fundi aliaga, akaenda chooni, akajifungia, akakaa juu ya mfuniko. Aibu alikuwa akiijua kwa jina tu mpaka siku hiyo. Sasa ilimshika mwili mzima, na jambo lililomuuma kuliko yote ni dogo: kwamba lau mama mkwe angekuwa kwenye kile kikao cha kicheko, angemsikiliza Bibi Foleni hadi mwisho, na angemwambia ana akili. Alikaa mle mpaka mtu akagonga.

Alirudi chumba cha kompyuta, akafungua droo, akatoa ile karatasi ya mpangilio, akaiweka mezani kwa Bibi Foleni. Akamwomba amfundishe. Yule mwanamke hakumsimanga, ingawa Fundi alistahili kidogo, alivuta kiti tu. Walifanya kazi Ijumaa ile, na Jumatatu, na Jumanne. Waliziondoa kufuli moja baada ya nyingine, na kila moja ilipotoka mistari ishirini, thelathini ilianguka nayo, mistari ambayo Fundi aliikumbuka kama watoto wake. Mahali pake pakabaki foleni moja na mfanyakazi mmoja: pokea ombi, limalize, pokea lingine. Aliyetaka jibu na aliyeleta jibu waliingia mlango uleule, kwa zamu. Wakaandika na saa ya kipimo pembeni ya namba. Programu yote ilienea kwenye kurasa mbili, na mtu yeyote mle chumbani angeweza kuisoma na kuielewa kabla chai yake haijapoa.

Jaribio la kuchelewesha walilirudia mara elfu kumi, na la zamani halikukaa juu hata mara moja. Wakaiweka kazini. Saa zenye msongamano mkubwa walitazama foleni ikipanda na kushuka. Haikupita maombi manne.

Na hapo ndipo shetani alipomkalia Fundi begani. Mfumo ulikuwa mzima sasa. Kosa halikuwepo tena mahali popote isipokuwa kwenye kumbukumbu za siku moja, na hizo nani angezifungua? Jumatano asubuhi aliandika taarifa ya kuueleza uongozi mabadiliko hayo: maboresho ya kasi na usalama wa mfumo. Akampa Bibi Foleni aisome kabla haijatumwa.

Alisoma hadi mwisho, akarudisha macho juu.

"Maboresho," akasema. Akaiweka karatasi mezani taratibu. "Ya kompyuta tumeyamaliza. Hili lililobaki ni la kwako, na mimi sitalisema kwa niaba yako mpaka kesho saa nne."

Kamati ilikaa saa nne kamili, katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na viti visivyolingana. Walikuwa watu wanne, mwenyekiti wao daktari mwenye mvi anayependa kugonga kalamu. Bibi Foleni alikaa karibu na mlango, daftari magotini. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa meza, sare yake imenyooshwa, miwani ya kahawia usoni. Shingoni hapakuwa na kamba.

Fundi alikuwa amepanga kusema kabla ya mtu yeyote. Alikuwa amejirudia maneno yake kwenye gari tangu nyumbani. Lakini mwenyekiti alianza na mama, akamuuliza ana lipi la kujitetea. Mama akasimama, ijapokuwa aliambiwa anaweza kukaa. Alisema hana la kujitetea. Alisema anakubali kwamba hakuona vizuri, anamwomba radhi mgonjwa na ndugu zake, anawaomba radhi wenzake aliowafundisha wasome mara mbili ilhali yeye mwenyewe ameshindwa. Sauti yake haikutetemeka. Akakaa, akainyoosha miwani puani kwa kidole, kama mtu ambaye bado hajaizoea.

Mwenyekiti akamgeukia Fundi na kumuuliza kama anaithibitisha ripoti yake.

"Hapana," akasema Fundi. "Ripoti ile si kweli."

Kalamu ikaacha kugonga. Akaeleza. Maneno yote mazuri aliyoyapanga yalikuwa yamemtoka, akaeleza kama alivyoweza: uzi uliochelewa, jibu la zamani juu ya jipya, saa ambayo yeye mwenyewe aliiondoa kwenye skrini. Alisema mwenzake aliyekaa pale mlangoni alionya mapema, na yeye akamfanyia mzaha mbele za watu. Alisema ripoti aliiandika bila kufungua kumbukumbu, kwa kuwa alikuwa na uhakika na nafsi yake. Mwenyekiti akauliza, ili kuelewana, je, muuguzi alitazama skrini?

"Alitazama. Alisoma sawasawa. Mbili nukta saba ndiyo iliyokuwa imeandikwa."

Mtu mmoja wa kamati akashusha pumzi. Wawili wakaanza kunong'onezana. Mama mkwe hakusogea. Alikuwa akimtazama mkwe wake kupitia vile vioo visivyo na kazi, kwa makini, kama anavyotazama karatasi ya mgonjwa, na mnong'ono ulipokoma akauliza swali moja.

"Ulijua lini, baba?"

Neno "jana" lilikuwa tayari ulimini. Lilikuwa neno dogo, na mle ndani mtu mmoja tu ndiye angelijua kuwa ni uongo, naye alikuwa anaangalia daftari lake.

"Jumatatu ya wiki iliyopita, mama."

Mama akahesabu. Ilionekana usoni anavyohesabu, siku moja moja.

"Jumatano ukanipeleka kwa macho."

"Ndiyo, mama."

"Ukanichagulia."

Fundi akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kukitikisa hata baada ya kutosha. Alitamani mama amkaripie, alitamani amtukane mbele ya wale wote, ingekuwa nafuu. Mama alivua miwani, akaikunja mkono mmoja, akaikunja wa pili, akaisukuma juu ya meza mpaka ikafika mbele ya Fundi. Kisha akamuuliza mwenyekiti kama anaweza kurudi wodini, maana kuna dawa za saa sita na aliyeshika ufunguo yuko peke yake.

Fundi alipewa onyo la maandishi na akaambiwa atasimamiwa na Bibi Foleni mpaka itakapoamuliwa vingine. Aliona ni haki. Alikwenda nyumbani jioni, miwani ikiwa kwenye mfuko wa shati, kwa kuwa hakujua pa kuiweka pengine. Njia nzima alijiambia kwamba lililo zito limepita, ameshasema, kusema kwenyewe hakurudiwi.

Mke wake alimpokea mlangoni akitabasamu, wa kwanza kutabasamu ndani ya nyumba ile kwa wiki tatu. Mama alishampigia simu, akamwambia amerudishiwa kazi, kosa halikuwa lake. Zaidi ya hapo mama hakusema. Mke akamkumbatia, akahisi kitu kigumu kifuani, akakitoa.

"Hii si ya mama?" akauliza, akiigeuza mkononi. "Mbona unayo wewe?"

Fundi akaangalia chini. Mama mkwe alikuwa amemwachia neno hilo alimalizie mwenyewe. Akavuta kiti, akakaa, akamwomba mke wake naye akae, akaanza kumweleza, na hakuanzia kwenye kufuli. Alianzia ile jioni pale mezani, aliposema huenda ni macho.